Mwenye Nyumba ya Wageni na Jicho la Kampuni Kubwa: Ufuatiliaji wa Mtandaoni Pwani ya Kusini

Ufuatiliaji wa mtandaoni ni kazi ya kukusanya habari za mtu anapotumia simu au kompyuta, yaani kurasa anazofungua, maneno anayoyatafuta, mahali alipo na saa anazoishika simu yake, kisha kuziunganisha habari hizo hadi zitoe picha ya maisha yake. Kazi hiyo hufanywa zaidi na kampuni zinazoishi kwa mapato ya matangazo, Google na Meta, mmiliki wa Facebook na Instagram, zikiwa mbele, na hufanywa kimya kimya kiasi kwamba mkazi wa Ukunda au Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, aweza kuitumia simu kwa miaka mingi bila kutambua kuwa huduma anazoziita za bure huzilipia kwa habari zake mwenyewe.

Chombo kikongwe cha kazi hiyo ni kidakuzi, faili ndogo ambayo tovuti huiweka ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ili imtambue mgeni atakaporudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa haja halali, kwa kuwa bila hicho duka la mtandaoni lingesahau bidhaa alizochagua mteja kila afunguapo ukurasa mwingine. Balaa liliingia pale kampuni za matangazo zilipoanza kuweka vidakuzi vyao ndani ya tovuti za watu wengine, kwani tangu hapo kampuni moja iliweza kumwona mtu yuleyule akisoma gazeti, akiuliza bei ya godoro kwingine, na akitafuta dalili za maradhi mahali pa tatu. Baadaye ikaja pikseli, msimbo mfupi unaopachikwa ndani ya ukurasa, usioonekana kwa macho, ambao huipelekea kampuni taarifa za anayeufungua ukurasa huo. Katika simu za Android, zilizo mikononi mwa Wakenya walio wengi, kuna pia kitambulisho cha matangazo, ambacho huziwezesha kampuni kujua kuwa anayecheza mchezo fulani ndiye pia anayetumia programu fulani ya mikopo.

Jambo hili lina sura yake ya pekee katika Kaunti ya Kwale. Uchumi wa Diani umesimama juu ya utalii, na wenye hoteli, wenye nyumba za kukodisha na wenye mashua za kupeleka wageni Wasini na Kisite hutafuta wateja mtandaoni kama watafutavyo wenzao duniani kote. Mwenye nyumba anayetengenezewa tovuti na fundi huenda akawekewa pikseli ya Meta ili matangazo yake yawafikie tena watu waliowahi kuitazama nyumba hiyo, na ni kweli kwamba jambo hilo laweza kumletea wateja. Lakini tangu siku hiyo kila anayeifungua tovuti, awe mgeni wa Ujerumani au kijana wa Kinondo anayetafuta kazi ya upishi, habari zake hupelekwa kwa kampuni iliyoko California, mara nyingi bila yeye kuambiwa. Kwa hiyo mfuatiliaji hupata wasaidizi wasiojua kuwa wanamsaidia, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwa sababu lawama haiishii ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humwita mdhibiti wa data yeyote anayeamua habari za watu zikusanywe kwa kusudi gani na kwa njia gani, na kanuni za mwaka 2021 za usajili wa wadhibiti hao, ambazo huwasamehe wafanyabiashara wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, hazizisamehe kampuni za ukarimu kwa wageni hata zikiwa ndogo, ingawa waongoza watalii wameachwa nje.

Habari za mahali ni nyeti kuliko nyingi. Simu hujua ilipo kwa setilaiti, kwa minara ya mtandao na kwa Wi-Fi zilizo karibu, na anayeiona simu ikivuka kivuko cha Likoni kila alfajiri, ikitulia msikitini kila Ijumaa na kuingia hospitali ya Msambweni kila mwezi, amekwisha kujua kazi, dini na pengine ugonjwa wa mwenyewe. Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press lilifichua kuwa Google iliendelea kuhifadhi mahali walipo watu hata baada ya wao kuzima kumbukumbu ya mahali, na Novemba 2022 kwa sababu ya jambo hilo kampuni hiyo ilikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Mtumiaji wa Kwale hakuwamo katika makubaliano hayo.

Kenya hata hivyo haiko mikono mitupu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha ya kila mtu, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ikiwa chini ya Kamishna Immaculate Kassait, imewahi kutoza faini, kama ile ya shilingi 2,975,000 iliyotozwa Septemba 2023 kwa kampuni ya mikopo ya mtandaoni ya Mulla Pride. Sheria yataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari, ya wazi na ya kuelewa, na ridhaa iliyobonyezwa chini ya kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, mbele ya msomaji aliyezoea Kiswahili na Kidigo, haistahili kuitwa ridhaa.

Mwenye simu ya Android anaweza leo kufuta kitambulisho cha matangazo katika mipangilio na kuinyima ruhusa ya mahali kila programu isiyoihitaji. Mwenye hoteli au nyumba ya wageni amwulize fundi wake ni vifuatiliaji gani vilivyomo katika tovuti yake, aviondoe visivyo na kazi, na vitakavyobaki avieleze kwa Kiswahili kinachosomeka, kabla mgeni hajabonyeza lolote.