Mawe kilo 100, chokaa kilo ngapi?

Wandugu wa kooperative, mawe ya chokaa yakiingia kwenye tanuru kilo 100 na kutoka pungufu, maneno inaanza mara moja: nani amekula zingine? Yule aliyelinda moto usiku anatazamwa vibaya. Mbele ya kumshitaki mtu, tupige hesabu.

Mawe haya, kama yale ya Lubudi kwenye njia ya reli kati ya Kamina na Lubumbashi, yana hewa iliyofungwa pamoja na chokaa. Moto mkali, karibu digri 900, unaifungua. Hewa inaenda zake, chokaa inabaki. Kwa jiwe safi hesabu haigeuki: kilo 100 inatoa kilo 44 za hewa na 56 za chokaa. Hakuna fundi, hata awe nani, atakayekutolea 60. Jiwe lenye udongo ao mchanga linatoa chini ya 56.

Tuseme tumepata kilo 42 za chokaa nzuri. Tusizilinganishe na 100, tuzilinganishe na 56, juu ndizo zote zilizowezekana. 42 gawa kwa 56, mara 100: asilimia 75. Hayo ndiyo mavuno ya tanuru.

Na zile kilo 14 zingine? Mara nyingi ziko palepale, ndani ya mawe yasiyoiva. Kilo 14 za chokaa zinatoka katika kilo 25 za mawe. Basi tukipima vyote pamoja, chokaa 42 na mawe mabichi 25, mizani iseme 67. Ikisema hivyo, mwizi hakuna. Tatizo ni kuni zenye maji, ao mawe makubwa ambayo moyo wao haukuiva, ao tanuru iliyofunguliwa mapema. Ikisema chini ya hapo, tutafute kwanza ndani ya majivu, kisha tuulizane.

Wengi wanadanganyika hapa. Tanuru ikitoa kilo 67 wanapiga makofi, ikitoa 58 wananuna. Kumbe ile ya 58 imeiva karibu asilimia 95! Uzito wa ile nyingine ni mawe tu.

Kutenga si kazi ngumu. Mwagia kipande maji kidogo, ukilinda macho na mikono: chokaa iliyoiva inapata moto, inapasuka, inakuwa unga, jiwe bichi linabaki baridi. Lakini pima mizani kwanza, siku ileile. Kilo 56 zikishakunywa maji zinakuwa 74, na mnunuzi mwenye akili halipi maji.

Juu ya shamba, kilo 56 za chokaa iliyochomwa zinapunguza uchachu wa udongo sawasawa na kilo 100 za jiwe lile lililosagwa laini. Basi kama ni kwa mahindi tu, na mashini ya kusaga iko, sisi tunaona afazali kusaga, kuni zibaki porini. Kuchoma tuwaachie wanaotaka chokaa ya kujenga ao kupaka nyumba.