Hewa haionekani, lakini inahesabika

Wandugu, wakati nilikuwa natayarisha kazi ya mwisho ya lisanse, nilijenga kikaushio cha mahindi: sanduku la mbao, plastiki juu, vichanja vine ndani. Jua lilikuwa la kutosha, lakini kila mara kona ya nyuma ilishika ukungu. Nilitoboa matundu, nikaziba, nikatoboa tena. Mahindi ya misimu miwili nilitupa, ju mahindi yenye ukungu inaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, hata kuku hauwezi kumpa.

Shida haikuwa jua. Ilikuwa njia ya hewa. Na hiyo njia watu wanaihesabuka kwa ordinatere.

Namna gani? Unakata nafasi ya ndani ya kikaushio katika vipande vidogo, maelfu. Kwa kila kipande, hewa inayoingia lazima ilingane na inayotoka. Ugumu ni mgandamizo: hauujui mbele ya kuanza. Mwaka 1972, Patankar na Spalding, wa Imperial College ku London, walitoa njia inayoitwa SIMPLE. Unakisia mgandamizo, unahesabu mwendo wa hewa, unaangalia kama kuingia na kutoka vinalingana. Kama hapana, unasahihisha, unarudilia. Mpaka leo programu nyingi zinatumia njia hiyo ama watoto wake.

Chuo kile kile njo FOAM ilizaliwa, na wanafunzi wa doktora waliijenga kidogo kidogo. Mwaka 2004 ilifunguliwa kwa wote, bure, kwa jina OpenFOAM. Hapa tunaona kazi ya chuo kikuu: kushikilia swali gumu miaka mingi, mwanafunzi mmoja akimpokeza mwingine, kisha kuacha mlango wazi.

Na sisi? Programu ni bure, na mfano mdogo wa pande mbili unaenda kwa ordinatere ya kawaida ya mkononi. Kinachokosekana ni mtu wa agronomia na mtu wa politekniki kukaa meza moja. Mimi nilimaliza masomo bila kugonga mlango wao hata siku moja.

Lakini musidanganyike: picha ya rangi si ushahidi. Weka termometa ku kila kichanja, linganisha na hesabu. Zikikataana, mahindi njo inasema kweli.

Wewe unayeanza kazi ya mwisho mwaka huu, gonga ule mlango mbele ya kununua mbao.