Picha Nzuri, Safari Nyingi: Kodi ya Nyumba Analipa Nani?

Wengi tunaitamani kazi ya mpigapicha wa safari. Wachache tunaijua, na wachache zaidi tumeshawahi kuishi na anayeifanya. Kabla wewe au mwenzi wako hajaandika barua ya kuacha kazi, kaeni chini msome hii pamoja.

Kila ofisi ina mmoja wao. Saa saba mchana, wenzake wanapokula chipsi kuku, yeye yuko kwenye simu anaangalia picha ya mtu aliyeketi ukingoni mwa Ngorongoro na kikombe cha kahawa mkononi. Anashusha pumzi. “Jamani, na huyu naye eti yuko kazini!” Wiki inayofuata anaulizia bei za kamera. Mwezi unaofuata amemwambia mchumba wake kwamba anafikiria kuachana na kazi ya benki, afungue blogu na azunguke Afrika Mashariki akipiga picha.

Huenda mtu huyo ni wewe. Au huenda ni mwenzi wako, na wewe unalala macho ukijiuliza kama umuunge mkono au uifiche hiyo kamera. Vyovyote iwavyo, usiwe na haraka. Picha ile ya kahawa imekatwa pembeni, na kilichokatwa ndicho kazi yenyewe.

Waliotangulia walisimama kwa miguu miwili

Tuanze na wa kwetu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa kijana mbichi kabisa. Dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984. Kinachosahaulika ni kwamba kampuni hiyohiyo ilitoa vitabu vizuri vya picha za safari kuhusu Kenya, Tanzania na nchi nyingine, na ikatengeneza pia jarida la abiria wa Shirika la Ndege la Ethiopia. Habari mguu huu, safari mguu ule. Mmoja ukiteleza, wa pili unakushikilia.

Na kazi ile haikuwa lelemama. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Mwaka 1996 alifariki katika ndege iliyotekwa na kuangukia baharini karibu na Komoro.

Upande wa blogu, hakuna Mtanzania wa enzi zile asiyemjua Issa Michuzi. Alipoanzisha blogu yake mwaka 2005 alikuwa mpigapicha wa gazeti la serikali la Daily News. Hakuacha kazi kwanza ndipo aanze. Alianza akiwa kazini. Watanzania walioko London, Washington na kwingineko walikuwa wakifungua Globu ya Jamii kila asubuhi ili kuona nyumbani kumekuchaje. Kumbuka hapo intaneti ilikuwa ya kusuasua. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo, kupandisha picha tano ulikuwa unaweza kuagiza chai, ukainywa, ukaagiza nyingine.

Somo la wote wawili ni lilelile. Blogu ni mlango wa duka. Watu wanaupita, wanachungulia, wanakujua jina. Lakini mlango hauuzwi. Kinachouzwa kiko ndani, na lazima kiwepo.

Safari siku nne, kazi siku kumi

Tuchukue mfano wa kufikirika. Hoteli moja ya pwani inataka picha za Kilwa kwa ajili ya matangazo yake, na inakupa shilingi 1,200,000 kwa safari ya siku nne. Haraka haraka kichwani: laki tatu kwa siku! Nani kama wewe?

Sasa twende Kilwa. Siku ya kwanza yote inaishia njiani, kama kilometa 300 kusini mwa Dar es Salaam. Ukifika Kilwa Masoko unatafuta kibali cha kuingia kisiwani na unapatana na mwenye boti. Siku ya pili unaamka saa kumi alfajiri. Si kwa sababu unapenda, ila mwanga haukusubiri. Sisi wa karibu na ikweta hatuna machweo ya kujivuta kama Ulaya. Jua likishazama, dakika ishirini na kitu tu giza limeingia. Mwanga mlaini, ule unaofanya kuta za matumbawe za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zionekane kama zimepakwa asali, unaupata asubuhi mapema na jioni tu. Ikifika saa nne jua limekuwa kali, vivuli vimekuwa vyeusi, na uso wa mtu unaonekana kama hana macho.

Mchana je, unaogelea? Wapi! Unaongea na wazee, unaandika majina, unauliza jengo hili ni lipi na lile ni lipi. Picha ya magofu bila maelezo ni picha ya ukuta uliobomoka. Msomaji akiambiwa kwamba msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 na kukuta mji wenye fahari, na kwamba UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ukuta uleule unageuka kuwa hadithi. Usiku wenzako wako kwenye muziki. Wewe uko chumbani unachaji betri na kunakili picha kwenye diski mbili tofauti, kwa sababu kadi ikifa huwezi kumwomba jua lichomoze tena.

Ukirudi nyumbani ndipo kazi inapoanza. Picha elfu moja lazima zichujwe zibaki hamsini. Zinahaririwa, zinaandikiwa maelezo, zinatumwa, mteja anaomba mabadiliko, unatuma tena. Hapo zimekwenda siku sita nyingine. Kisha unatuma ankara na kuanza kusubiri. Siku thelathini. Sitini. Unapiga simu unaambiwa mhasibu amesafiri. Sasa hapo msafiri ni nani?

Turudi kwenye hesabu. Toa laki nne za nauli, boti, chakula na malazi. Zinabaki laki nane, gawa kwa siku kumi: shilingi 80,000 kwa siku. Si haba. Lakini jiulize swali la pili ambalo ndilo gumu: kazi kama hiyo utaipata mara ngapi kwa mwezi? Mwezi wa masika, hoteli zikiwa tupu, nani atakuita?

Utalala bure, lakini kodi hailipwi kwa usingizi

Ukishakuwa na blogu yenye wasomaji, mialiko itaanza kuja. “Njoo ulale siku tatu kwetu, chakula juu yetu, wewe tuandikie na picha chache.” Inafurahisha, na mara moja moja ina faida yake. Ila mwenye nyumba wako wa Sinza hapokei usiku wa hotelini. Ukikubali bure mara tano, ya sita hakuna atakayekulipa, na msomaji naye akijua umelala bure ana haki ya kujiuliza kama sifa unazoimwagia hoteli ni za kweli. Mwambie wazi. Imani ya msomaji ndiyo mtaji wako.

Kuna na ile nyimbo nyingine: “Hatuna bajeti, lakini utajulikana.” Mpenzi msomaji, fundi bomba naye angelipwa kwa kujulikana?

Wapo wanaotegemea kuuza picha kupitia kwa mawakala wa mtandaoni. Inawezekana, ila usiweke ndoto yote huko. Shutterstock ilipobadilisha malipo yake mwaka 2020, kiwango cha chini kwa picha moja kilikuwa senti 10 za dola. Na tangu mwaka 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazounda picha ya machweo ya ufukweni ndani ya sekunde chache, bila nauli wala mbu. Machweo matupu hayana bei tena. Kinachobaki na bei ni kile ambacho lazima mtu awe amefika: fundi fulani wa jahazi, soko fulani, siku fulani, na jina lake limeandikwa sawasawa.

Ndiyo maana jifunze neno hili: hakimiliki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda picha kama inavyolinda wimbo na kitabu. Katika kazi kama ile ya Kilwa unaweza kumpa mteja ruhusa ya kuitumia kwa muda na mahali mlipokubaliana, bila kumuuzia picha yenyewe moja kwa moja. Hoteli ikitaka kuitumia mwaka wa pili, mnakaa tena mezani. Lakini hayo yote ni lazima yawe kwenye maandishi, tena kabla hujapanda basi. Mkataba wa mdomo huwa unasahaulika upande mmoja tu, na si wako.

Na usisahau serikali. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza nchini Tanzania, ada za mwanzo za leseni zilizidi shilingi milioni mbili, na wanablogu kadhaa walifunga virago. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, kwa hiyo usisikilize ya vijiweni. Waulize TCRA wenyewe kama unachotaka kufanya kinahitaji leseni. Vivyo hivyo kwa droni: ruhusa kwanza, kuruka baadaye.

Na yule anayebaki nyumbani?

Hapa ndipo penye moto. Mpigapicha wa safari haumii peke yake, wala hasafiri peke yake. Kuna mtu anayeachwa na funguo. Ndiye anayekwenda peke yake kwenye kitchen party ya shemeji na kujibu “mwenzako yuko wapi?” mara arobaini. Ndiye anayepeleka mtoto hospitali usiku. Na ndiye ambaye mshahara wake, tusidanganyane, unaibeba nyumba miezi ile ambayo ankara hazijalipwa.

Tatizo linaanza pale hayo yote yanapofanyika kimyakimya. Mmoja anahisi anatumika, mwingine anahisi anabanwa. Ugomvi unaanzia kwenye lenzi mpya ya milioni mbili na kuishia kwenye mambo ya mwaka juzi. Wivu nao haukosi nafasi: siku nane hayupo, simu haishiki mtandao, na kwenye blogu kuna picha ya watu wanacheka kuzunguka moto. Ukweli ni kwamba dawa ya wivu si kuripoti kila baada ya nusu saa. Ni mwenzako kujua mapema unakwenda wapi, na nani, unarudi lini, na mahali gani hakuna mtandao.

Halafu kuna suala la likizo. Ukimpeleka mpenzi wako Zanzibar halafu ukamsimamisha dakika ishirini mlangoni pa nyumba ya Mji Mkongwe ukisubiri mwendesha baiskeli apite kwenye mwanga, na pweza wake amepoa mezani kwa sababu bado “angle” haijakaa, hiyo siyo likizo. Umemfanya msaidizi wa kazi asiyelipwa. Siku ya mapumziko, kamera ibaki begani mwa hoteli, siyo mwako.

Kubalianeni pia ni nini kitaonekana hadharani. Sura ya mwenzako na ya watoto wenu si mali ya blogu. Na picha za safari zipandishwe mkisharudi. Ukitangaza kwamba uko Lamu hadi Jumapili, umetangaza pia kwamba nyumba yako iko wazi hadi Jumapili.

Kabla ya barua ya kuacha kazi

Mkishazungumza na bado roho inataka, basi msiizime. Fanyeni hivi:

• Anza ukiwa na ajira. Tumia wikendi na likizo kwa mwaka mzima. Huhitaji Serengeti; Bagamoyo, Kariakoo na feri ya Kigamboni zinatosha kukuonyesha kama unaipenda kazi au unapenda wazo lake tu.

• Wekeni akiba ya miezi sita ya kodi, chakula na ada kwenye akaunti ambayo hakuna lenzi inayoruhusiwa kuigusa.

• Tafuta mguu wa pili unaolipa: harusi, picha za bidhaa, mikutano, mafunzo. Hakuna aibu. Harusi moja ya Jumamosi inaweza kulipia wiki ya safari unayoipenda.

• Dai malipo ya awali, angalau nusu, kabla ya kusafiri.

• Kuwa na tovuti yako mwenyewe. Kurasa za mitandao ya kijamii ni nyumba ya kupanga. Mwenye nayo akibadili masharti, unahama na wageni wako hawajui ulikokwenda.

• Pangeni tarehe ya kupima. Mwaka mmoja, mkae tena na hesabu mezani, bila kununiana. Ikiwa haijasimama, kurudi ofisini si kushindwa.

Yule mwenye kahawa pale Ngorongoro huenda anaipenda kazi yake kwa dhati, na huenda inamlipa vizuri tu. Lakini kabla ya kikombe kile aliamka usiku, alilipa viingilio, alinakili picha mara mbili, na mtu fulani nyumbani alikuwa amekubali kwamba atalala peke yake wiki hiyo. Muulize mwenzako leo jioni kama yuko tayari kuwa mtu huyo. Kamera mtaizungumzia baadaye.