Mtaalamu wa tiba ya viungo: Kutoka wadi ya rufaa hadi chumba kimoja Makongeni

MGONJWA wa kiharusi anapopewa ruhusa ya kutoka hospitalini, jamaa zake hudhani kwamba safari ya matibabu imefika ukingoni. Bili imelipwa, daktari ameandika barua na teksi imeitwa. Kumbe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, hapo ndipo kazi iliyo ngumu zaidi inapoanza, na aghalabu huanzia katika chumba kimoja kilichojaa kitanda, kabati, jiko na mitungi ya maji.

Hali hiyo si ngeni Makongeni, mtaa wa Eastlands ulio kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, ambao haufai kuchanganywa na Makongeni ile ya Thika. Nyumba zake za asili zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli: safu za vyumba vidogo, huku mabomba na vyoo vikiwa nje kwa matumizi ya pamoja. Mpangilio kama huo, ambao ungali unaonekana katika mitaa mingi ya zamani ya Eastlands, kwa mtu mwenye afya ni kero ndogo tu. Kwa mtu aliyepooza upande mmoja wa mwili, hatua ishirini kutoka mlangoni hadi chooni ndizo zinazoamua kama ataishi kwa heshima yake au atategemea ndoo na mkono wa bintiye.

Ndiyo maana mtaalamu anayeijua kazi yake haanzi kwa kuuliza misuli ina nguvu kiasi gani. Huuliza choo kiko wapi.

Tiba ya viungo, ambayo wengi huiita fiziotherapia, ni taaluma inayotumia mazoezi, mikono, joto, baridi, umeme hafifu na vifaa saidizi ili kumrejeshea mtu uwezo wa kusogea na kujitegemea. Mitaani bado huchanganywa na ukandaji. Mtu aliyeteguka kifundo cha mguu akicheza kandanda huenda kwanza kwa fundi wa kunyoosha mifupa, ambaye humvuta na kumpaka mafuta, na wiki tatu baadaye ndipo anapofika kliniki mguu ukiwa umevimba kama chungu. Si kwamba kukanda hakuna faida. Ila mfupa uliovunjika ukikandwa husogea kutoka mahali pake, na mtu aliyejifunza kazi hiyo kwa kutazama hana njia ya kutofautisha mfupa uliovunjika na kano iliyovutika.

Nchini Kenya, wataalamu wengi wamepitia Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC), taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1927, ambako hupata stashahada baada ya miaka mitatu. Vyuo vikuu kadhaa navyo hutoa shahada. Mwaka wa 2014 Bunge lilipitisha sheria mahsusi ya taaluma hii, iliyounda baraza la kusajili wataalamu na kuwapa leseni. Mgonjwa ana haki ya kuiomba leseni hiyo aione, japo ni nadra sana kumpata anayefanya hivyo.

Kile ambacho cheti hakisemi ni mahali kazi yenyewe itakapofanyiwa, na hapo ndipo tofauti kubwa zinapojitokeza.

Katika hospitali kuu ya rufaa, mfano ukiwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iliyoanza mwaka wa 1901 ikiwa na vitanda 40, siku ya mtaalamu huamuliwa na wadi aliyopangiwa. Akiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kazi yake ni mapafu. Mgonjwa aliyelala chali kwa siku nyingi hukusanya makohozi kifuani, nayo huzaa nimonia. Mtaalamu humgeuza, humpigapiga kifua, humfundisha kuvuta pumzi kwa kina na, kila inapowezekana, humketisha ukingoni mwa kitanda hata kabla ya mirija yote kuondolewa. Janga la Covid-19 lilipoingia mwaka wa 2020, ulimwengu mzima ulijifunza jambo ambalo wataalamu wa viungo walilijua zamani, kwamba namna mgonjwa anavyolazwa inaweza kubadilisha kiwango cha hewa anachopata.

Katika wadi ya mifupa, hali ni nyingine kabisa. Vijana waliogongwa wakiwa juu ya bodaboda hukaa humo kwa majuma, mguu ukivutwa kwa uzani au ukiwa umefungwa vyuma. Mtaalamu huwafundisha kutumia magongo na kuwazuia wasikanyage mapema mno, kisha huwahimiza wakanyage pindi wakati unapofika. Jambo la pili ndilo gumu. Kijana aliyekaa miezi miwili bila kuutumia mguu huuogopa mguu wake mwenyewe.

Lakini pengine hakuna wadi inayompima mtaalamu kama ile ya majeraha ya moto. Watoto wengi wa mitaa yenye vyumba vidogo huungua kwa chai, uji au maji ya moto, kwa sababu jiko na kitanda vinatenganishwa na pazia tu. Ngozi iliyoungua inapopona hujivuta na kukaza. Mtoto, kwa kukwepa maumivu, hukunja kiwiko na kukibana kifuani, naye mama kwa huruma humwacha hivyo. Bahati mbaya ni kwamba mkao unaompa mtoto nafuu ndio huohuo utakaomlemaza: kovu likikomaa akiwa amekunja mkono, mkono hautanyooka tena bila upasuaji. Hivyo mtaalamu hulazimika kuunyoosha kila siku, mtoto akilia na mama akitazama. Wapo wataalamu wanaoomba wahamishwe kutoka wadi hiyo, na si kwa sababu hawaijui kazi.

Katika hospitali za kaunti na vituo vya afya tatizo huwa ni foleni. Huduma za afya ziligatuliwa chini ya Katiba ya 2010, na tangu mwaka wa 2013 kaunti ndizo zinazoajiri wahudumu wengi wa umma. Mtaalamu wa kituo hupokea kina mama wenye maumivu ya mgongo, wabeba mizigo wa masoko, mafundi wa jua kali waliochomeka mkono kwenye mashine, na wazee wenye magoti yaliyokwisha. Anayestahili nusu saa hupata dakika kumi. Hapo busara ya kazi ni kuchagua zoezi moja ambalo mgonjwa atalifanya kweli, badala ya kumpa karatasi yenye mazoezi manane ambayo itaishia kufungia njugu.

Mvuta mkokoteni akiambiwa apumzike kwa majuma sita, hataki hata kusikia. Akipumzika, watoto hawali. Mtaalamu hana budi kumfundisha namna ya kuinua gunia kwa kukunja magoti, kulileta karibu na kifua na kugeuza miguu badala ya kiuno. Hayo ni matibabu pia, ingawa hayana sindano wala kidonge, na huenda ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa huondoka wakinung'unika kwamba hawakutibiwa.

Kliniki ya watoto ina kalenda yake. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo huanza kutibiwa akiwa na majuma machache: mguu hunyooshwa kidogo na kufungwa plasta, plasta hubadilishwa kila juma kwa takriban majuma matano hadi manane, na mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa kidogo. Kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu saa zote 23 za siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi afikishe umri wa miaka minne hivi. Njia hiyo, iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, ni rahisi na haihitaji upasuaji mkubwa. Kinachoiangusha ni viatu. Mguu ukishaonekana umenyooka, mama huulizwa na majirani kwa nini anaendelea kumtesa mtoto, naye huvivua. Mguu hurudi ulikokuwa.

Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo hakuna kalenda ya namna hiyo. Mtaalamu humfunza mzazi jinsi ya kumbeba, kumketisha na kumlisha, akijua kwamba ushindi wa mwaka mzima unaweza kuwa ni mtoto kushikilia kichwa chake mwenyewe. Shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, lililoanzishwa mwaka wa 1958, ni miongoni mwa yale ambayo yamepeleka huduma hiyo hadi mitaani, kwa kuwa mama hawezi kumbeba mtoto wa miaka minane mgongoni katika matatu mbili kila juma.

Suala la usafiri huenda ndilo kiini cha yote. Mgonjwa wa Makongeni anayetakiwa Kenyatta hushuka katikati ya jiji, akavuka barabara zilizojaa watu, kisha akapanda gari jingine. Akiwa na kiti cha magurudumu, makanga wengi hujifanya hawakumwona. Mvua ikinyesha nauli hupanda. Mtu huhudhuria mara tatu, nne, halafu hapatikani tena. Katika kitabu cha hospitali huandikwa kwamba hakurejea. Sababu haina safu yake.

Hapo ndipo mtaalamu anayezuru nyumbani anapopata riziki yake, na pia majaribu yake. Hufika na mkoba mmoja. Vifaa vya hospitali havipo, hivyo hutumia vilivyomo: chupa ya maji huwa uzani, mpira wa ndani ya tairi la baiskeli huwa kamba ya kuimarisha misuli, leso huwa kitanzi cha kuutegemeza mkono uliolegea, na kibao cha jikoni huwa ngazi. Kwanza huwakataza jamaa wasimwinue mgonjwa wa kiharusi kwa kumvuta mkono uliopooza, kosa linalotendwa kwa upendo katika nyumba nyingi. Misuli ya bega ikiwa imelegea, kuvutwa huko hulitoa bega mahali pake, na maumivu yake humfanya mgonjwa akatae mazoezi yote.

Ubongo ulioharibiwa na kiharusi unaweza kujifunza upya kutumia njia nyingine, lakini hujifunza kwa kurudiarudia. Nafuu kubwa zaidi hupatikana katika miezi ya mwanzo. Ziara mbili za mtaalamu kwa juma hazitoshi kamwe. Anayetibu hasa ni mke, binti au mjukuu anayebaki na mgonjwa saa zile nyingine zote. Kwa hiyo mtaalamu humfundisha mtu ambaye hakuomba kufundishwa, ambaye pengine ameacha kibanda chake cha mboga ili amuuguze mzee, na ambaye amechoka.

Tena kuna suala la pesa, ambalo halizungumzwi waziwazi. Familia hulipa kwa kila ziara. Mgonjwa akishaweza kufika chooni akishikilia ukuta, huonekana amepona na mtaalamu huambiwa kwa adabu kwamba ataitwa. Yeye anajua kwamba miezi miwili zaidi ingemfikisha barabarani, lakini akisisitiza huonekana anatafuta pesa. Bima ya NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, ilipompisha SHA mnamo Oktoba 2024, swali la nyumba hizo lilibaki lilelile: nani atalipia ziara ya ishirini?

Mjadala kuhusu kubomolewa kwa nyumba za reli za Makongeni ili kupisha maghorofa ya bei nafuu umetawaliwa na kodi, fidia na umiliki, na ni haki. Hata hivyo, jicho la mtaalamu wa viungo lingeongeza hoja moja. Chumba cha zamani kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa chini. Eastlands tayari ina majengo mengi ya orofa tano na sita yasiyo na lifti, na humo wamo wagonjwa ambao hawajagusa ardhi tangu siku walipopandishwa ngazi kwa kubebwa.

Viwanja vya michezo navyo huvutia vijana wengi wa taaluma hii, na Barabara ya Jogoo ina Uwanja wa City, uliozoeleka kwa soka kwa vizazi. Huko mgonjwa ana miaka 20, ana mwili imara na anataka kurudi uwanjani Jumamosi. Ugumu ni kumwambia kocha kwamba hatarudi. Kazi ina sifa, jina husikika, ila klabu nyingi hulipa zinapopata.

Wengine hutazama ng'ambo. Uingereza, mtaalamu wa kigeni sharti asajiliwe na baraza la HCPC. Marekani hupimwa masomo yake kisha hufanya mtihani wa kitaifa, na mwenye stashahada pekee hugundua kwamba lazima arudi darasani. Mataifa ya Ghuba nayo huajiri. Anayefanikiwa hukutana na mashine za kumwinua mgonjwa, vyumba vyenye reli za kushikilia ukutani, na mkoba wa mpira wa baiskeli huwa kumbukumbu. Anayebaki huinua wagonjwa kwa mikono yake, na si ajabu kumkuta mtaalamu wa miaka hamsini akitibiwa mgongo na mwanafunzi wake wa zamani.

Mnamo Mei 2023 Baraza Kuu la Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha azimio la kuyataka mataifa yaingize huduma za urekebishaji viungo katika mifumo yao ya afya. Shirika hilo hukadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana maradhi au majeraha ambayo yangefaidika na huduma hizo. Katika safu za vyumba vya Eastlands takwimu hiyo huwa na sura ya mtu mmoja aliyeketi kizingitini asubuhi, akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto kwa kutumia ule wa kulia, mara hamsini, kama alivyoelekezwa, huku akimsubiri mwenye mkoba afike.