Ukitaka kumjua mshikaji, shusheni injini pamoja!

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sisi vijana wa Mpanda tumeongeza kipimo chetu: akufaaye kwa dhiki ni yule anayekuja Jumamosi alfajiri na spana zake mwenyewe, na Jumapili jioni bado yupo, mikono myeusi tii, anatafuta nati iliyodondokea mchangani.

Leo nazungumzia kubadili injini ya gari nyumbani, uani, bila gereji. Mjini kwetu si jambo la ajabu. Pita Makanyagio, Majengo au Nsemulwa, hukosi kukuta boneti liko juu na vijana wanne wameinama kama wanachungulia kisima. Watu wanapita wanacheka: "Ubahili huo!" Mimi nilikuwa mmoja wa walioinama, na nakwambia ubahili haumo. Kuna mambo mengine kabisa.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE100 ya kaka yangu. Ni teksi. Kwa lugha nyingine, gari hilo ndiyo ada ya shule, ndiyo kodi ya nyumba na ndiyo unga. Siku ya tukio kaka alikuwa anatoka Kibaoni na abiria, rejeta ikapasuka katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wewe unayesoma ukiwa Dar utauliza, kwa nini asisimame? Asimame wapi, jamani? Hifadhi ile imekuwepo tangu mwaka 1974, ina simba, ina tembo, ina nyati makundi kwa makundi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejali kwamba wewe umechemsha. Kaka akakanyaga mafuta mpaka Sitalike. Abiria walifika salama. Injini haikufika.

Kilichotokea ni hiki. Injini ya gari hilo inaitwa 5A-FE, silinda nne, cc 1498. Bloku yake ni ya chuma, lakini hedi yake ni ya aluminiamu. Maji yakiisha, aluminiamu inatanuka haraka kuliko chuma, hedi inapinda, gaskiti inaungua, na maji yanapata njia ya kuingia kwenye oili. Tulipochomoa stiki ya kupimia, oili ilikuwa kama chai ya maziwa. Hedi peke yake ingeweza kuchongwa, lakini kuta za silinda nazo zilikuwa zimekwaruzwa. Ovahoo nzima, yaani pistoni, ringi, beringi na kuchonga, ingekula pesa kuliko injini iliyotumika ya kutoka Japani. Uamuzi ukawa mmoja: ibadilishwe.

MBUZI KWENYE GUNIA

Hapo ndipo vishawishi vilipoanza. Siku ya pili tu kijiweni akaja jamaa mmoja, maneno matamu kama asali ya Inyonga. Injini anayo, ni 5A hiyohiyo, bei ni nusu ya ile ya dukani. Risiti? "Kaka, injini inatembea kwa oili, haitembei kwa risiti."

Kijiwe kizima kilicheka. Kaka hakucheka. Nilimwona anapiga hesabu kichwani, maana shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na shemeji alikuwa ameshauliza mara mbili kuhusu sare za watoto. Usimlaumu mtu wa namna hiyo. Njaa ina ushawishi kuliko wakili.

Lakini msikilize mshikaji wetu aliyewahi kuwa tandiboi wa malori, aliyeongea kwa upole: "Injini ina namba, na namba hiyo iko kwenye kadi ya gari la mtu fulani. Siku mwenyewe akiipata, hatakuuliza ulinunua shilingi ngapi." Kweli tupu. Kadi ya usajili wa gari Tanzania ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadili injini, unatakiwa kwenda TRA ili kumbukumbu zirekebishwe, na hapo utaulizwa injini umeitoa wapi. Huna karatasi ya mauzo, huna jibu. Siku ya kuuza gari mnunuzi atafungua boneti, alinganishe namba na kadi, kisha aage kwa heshima. Askari akilinganisha, hataaga.

Kaka akamshukuru jamaa, akaagiza injini Kariakoo kupitia mtu tunayemwamini. Tuliagiza vitu vitatu kwa pamoja: injini, risiti yenye namba ya injini, na picha ya namba hiyo ilivyogongwa kwenye bloku. Mzigo ulipakiwa kwenye lori, ukapita Tabora, Sikonge na Inyonga. Siku hizi njia hiyo ni lami, lakini wazee wetu wanakumbuka wakati wa masika ambapo bila treni ya Kaliua mzigo ungekaa Tabora mpaka jua liwake.

Kulikuwa na ubishi mdogo kabla ya kuagiza. Mshikaji mmoja anayependa mbio alitaka tuweke 4A-FE, kaka mkubwa wa 5A, cc 1587. Ni za ukoo mmoja: mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 77, ila silinda ya 4A ni pana zaidi, milimita 81 dhidi ya 78.7. Inaingia. Kaka akamjibu, "Mimi nabeba abiria, sishindani." Ukirudisha injini ya aina ileile, maunting zinakaa, waya zinafika, na kontroo boksi ya zamani inaielewa. Ukibadili aina, jiandae kumlipa fundi umeme kwa siku ambazo hukuzipangia.

MWEMBE SI KRENI

Tulikuwa watano. Kabla ya kufungua hata nati moja kaka alitukalisha, akasema maneno mawili ambayo naona ndiyo yaliyookoa kazi nzima. La kwanza: mkuu ni mmoja, fundi aliyekwisha shusha injini za namna hii, na akisema "simama", hata mwenye gari anasimama. La pili: chakula ni juu yake, fundi atalipwa pesa yake, na sisi wengine kila mmoja aseme sasa hivi anataka nini, asije akalisema baadaye akiwa amenuna.

Msomaji, usione aibu kuuliza hilo. Urafiki mwingi umefia kwenye kazi ya "tusaidiane tu". Mmoja anadhani anasaidia, mwenzake anadhani atakumbukwa, na wa tatu anaondoka na seti ya spana kama malipo yake.

Kazi yangu ilikuwa ya karani. Kila waya iliyochomolewa nilibandika kipande cha plasta chenye namba, nikapiga picha kwa simu. Kila bolti ilikwenda kwenye kopo lake, na kopo likaandikwa. Tulianza kwa kutoa betri, waya wa hasi kwanza. Tukakinga maji na oili kwenye madumu. Oili chafu hatukuimwaga, mzee wa jirani aliiomba apake nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Bomba la petroli lilifunguliwa taratibu, maana mfumo wa EFI unabaki na presha hata gari likiwa limezimwa, na tulikubaliana kwamba mwenye sigara akae ng'ambo ya barabara.

Ukafika wakati wa kunyanyua. Mmoja akauangalia mwembe. Unajua hadithi hiyo: mnyororo kwenye tawi, vijana wanavuta, "harambee!" Fundi akakataa katakata. Injini na giaboksi yake ni zaidi ya kilo 100, na mwembe hautoi onyo kabla tawi halijakatika. Tuliazima cheni bloku kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Magamba, tukasimamisha mabomba matatu ya chuma, tukayafunga juu na kuchimbia miguu yake ili isiteleze. Sheria ya fundi ilikuwa moja: hakuna mkono wala mguu unaopita chini ya kitu kinachoning'inia, hata nati ya dhahabu ikidondoka. Injini ikitoka vibaya utanunua nyingine, lakini vidole Kariakoo havipo.

Mpya iliposhuka kwenye gunia lake hatukuiingiza moja kwa moja. Fundi aliizungusha kwa mkono, akatoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda, akafungua kifuniko cha juu kuangalia kama oili imeganda kama lami. Kisha tukabadili mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma na sahani ya klachi. Vitu hivi injini ikiwa nje ni kazi ya saa chache. Ikishaingia ndani ni kilio. Na rejeta tuliweka nyingine, maana kumtibu mgonjwa na kumrudisha kwenye maji machafu yaleyale ni kujisumbua.

IKAPIGA CHAFYA

Jumapili saa kumi jioni kila kitu kilikuwa mahali pake. Shemeji alikuwa ameshatulisha ugali na migebuka ya Karema mara mbili, na majirani walikuwa wamejaa uani kama kuna ngoma. Fundi alichomoa kwanza waya wa distibyuta, akazungusha stata mpaka taa ya oili ikazima, ili oili ifike juu kabla moto haujaanza. Akarudisha waya. Kaka akawasha.

Injini ikapiga chafya. Ikapiga tena. Kelele za watu zikakatika, na shemeji akaingia ndani.

Fundi hakufoka. Alifuata waya za plagi kwa kidole, moja baada ya nyingine. Injini hii moto wake unakwenda kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na waya mbili zilikuwa zimebadilishana. Aliyezichomeka alikuwa pale pale, macho chini. Fundi akazirudisha mahali pake, akamwambia, "Washa wewe." Ikaitika mara moja, ikatulia, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Kijana yule mpaka leo ukimtajia 1, 3, 4, 2 anasimama wima.

Wiki iliyofuata kaka alibeba risiti na kadi kwenda kushughulikia namba mpya kabla hajachukua safari ya mbali. Watoto walikwenda shule na sare, ingawa viatu vilisubiri mwezi mmoja.

Na ile orodha ya "kila mmoja aseme anataka nini"? Tandiboi wetu alitaka mama yake apelekwe kliniki kila mwezi bila nauli. Kijana wa waya alitaka kufundishwa udereva. Mpenda mbio alitaka pesa, akapewa pesa. Mimi niliomba watu wa kunisaidia kuezeka chumba changu. Walikuja wote wanne, na misumari walikuja nayo.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba injini ya uani ni ya bure. Unalipa, ila sehemu ya malipo ni siku zako za mapumziko, kwa watu ambao kesho utawahitaji tena. Kama huna watu wa namna hiyo, peleka gari gereji, ulipe na uchukue risiti. Kama unao, watunze vizuri kuliko unavyolitunza gari.