Kivuli cha Kihamba na Wadudu Wake

Kila msimu wa kupogolea mibuni ukifika, hoja ileile huibuka katika vitongoji vya mteremko wa Kilimanjaro: miti ya kivuli ikatwe, kwa kuwa ndiyo inayofuga wadudu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila ni nusu ya ukweli. Na mruka uliochukua miaka 30 kukua huangushwa kwa asubuhi moja.

Kihamba hakikupandwa zao moja. Juu husimama mruka, mringaringa na mgrevilea. Chini yake migomba, kisha mibuni, na ardhini magimbi, maharage na majani ya mifugo. Watafiti wamehesabu katika vihamba vya mlima huu zaidi ya aina 500 za mimea, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu. Kila tabaka lina wakazi wake, wazuri na wabaya.

Tuanze na wabaya. Kimatira, mdudu mwenye umbo la ngao na madoa meupe na ya rangi ya machungwa, hufyonza vitumba vya maua na buni changa. Hupenda mbuni uliosongamana matawi, wenye giza na unyevu, na wawili tu katika mbuni mmoja wanaweza kuleta hasara. Hapa anayelalamikia kivuli hakosei. Hata hivyo, tiba ya kwanza ni mkasi: mbuni upogolewe, na matawi ya chini ya mruka yapunguzwe ili mwanga na hewa vipite. Wapo pia nyigu wadogo mno, wasioonekana kwa urahisi, ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai ya kimatira na kuyaangamiza. Anayenyunyizia sumu shamba zima huwaua na hao.

Bungua weupe ana tabia nyingine. Buu lake hutoboa shina la mbuni, na mashambulizi yake huwa makali zaidi katika mashamba ya chini, yenye joto. Buu likishaingia ndani ya shina, kulitoa ni kazi ngumu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika katika mlima huuhuu, ulifunika baadhi ya mibuni kwa nyavu. Pale ndege na popo walipoweza kufika na kula wadudu, maua yaliyofanikiwa kuwa matunda yaliongezeka kwa asilimia 9 hivi. Pale nyuki walipoyafikia maua, uzito wa matunda uliongezeka kwa asilimia 7 hivi. Faida hiyo ilionekana hata katika mashamba ya jua. Nyuki na popo hawajui mpaka wa masale, na jirani mwenye miti humnufaisha asiye nayo.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, hufanyika chini ya nyayo zetu. Majani yaangukayo huweka udongo baridi na wenye unyevu. Jongoo na mchwa huyatafuna, nyungunyungu huyavuta chini na kutoboa njia ambazo maji ya mvua hupitia badala ya kutiririka na udongo kuelekea mtoni. Wengi wakiona mchwa hufagia majani yote. Ni kosa: mchwa wengi hupendelea vitu vikavu vilivyokufa, na wakivikosa hugeukia mimea hai. Yapo mahali pamoja tu pa tahadhari: majani yasirundikwe kwenye shina la mgomba, kwa sababu fukusi wa migomba hupenda kujificha hapo.

Asiyeamini achimbe mashimo mawili baada ya mvua, kila moja sentimita 25 kwa 25 na kina cha sentimita 30, moja chini ya mruka na lingine katika shamba wazi la mahindi. Amwage udongo juu ya gunia, ahesabu nyungunyungu wa kila shimo, kisha ndipo aamue habari ya shoka.

Mwenye mibuni iliyotobolewa, yenye unga wa mbao chini ya shina, amwite Ofisa Ugani wa Kata auone mbuni wenyewe kabla ya kununua dawa yoyote.