Mota kwenye baiskeli: Sheria ya Kenya haiulizi ina wati ngapi

NI wazo linalovutia. Unachukua baiskeli ya kawaida, unatoa gurudumu la nyuma na kuweka jingine lenye mota kwenye kitovu chake, unafunga betri kwenye fremu, na mlima uliokuwa ukikutoa jasho unaupanda ukiwa umeketi. Kwa mkazi wa Meru au Embu, ambako ni nadra kusafiri kilomita tano bila kukutana na mwinuko, wazo hilo lina uzito kuliko kwa mtu wa Kisumu au Malindi.

Hata hivyo, kabla ya kumlipa fundi kuna swali linalofaa kujibiwa. Mota ikishafungwa, je, chombo hicho bado ni baiskeli mbele ya sheria?

Jibu ambalo mnunuzi huenda akalisoma kwenye katoni ni kwamba mota isiyozidi wati 250 haihitaji usajili wala leseni. Jibu hilo ni la kweli, ila si la Kenya. Ni kanuni ya Muungano wa Ulaya, ambako baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli iwapo mota yake haizidi wati 250, inamsaidia tu mtu anayekanyaga pedali, na inajizima mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Uingereza hufuata viwango vivyo hivyo na kuongeza kwamba mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. India pia imeweka mpaka wake kwenye wati 250 na kilomita 25. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 2002 kuhusu usalama wa bidhaa ilikubali mota ya chini ya wati 750, mradi baiskeli iwe na pedali zinazofanya kazi.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, imeshika njia nyingine kabisa. Fasili yake ya gari ni chombo chochote kinachoendeshwa kwa mitambo. Inaondoa vyombo vya reli, na vile vinavyopata nguvu kutoka kwa nyaya za umeme zilizotandazwa juu ya barabara. Vingine vinaweza kuondolewa tu kwa kanuni maalumu zinazotungwa chini ya sheria hiyo. Fasili hiyo haitaji wati, haitaji pedali, wala haitaji kasi. Inauliza jambo moja pekee: ni nini kinachokisukuma chombo?

Kwa mujibu wa maneno hayo, baiskeli yenye mota ya wati 250 na ile yenye mota ya wati 2,000 zimesimama upande mmoja. Anayetegemea maandishi ya katoni anategemea sheria ya nchi ambayo hataendesha baiskeli yake.

Upande wa leseni nao una ugumu wake. Kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, zina kundi la A1 kwa pikipiki ndogo ambazo injini yake haizidi sentimita za ujazo 50, na umri wa kuanzia ni miaka 16. Mota ya umeme haina silinda, kwa hivyo haina sentimita za ujazo za kupimwa. Ulaya waliutatua utata huo kwa kuandika vipimo viwili bega kwa bega: pikipiki ndogo ni ile ya sentimita 50, au kilowati nne kama ni ya umeme, na isiyozidi kilomita 45 kwa saa. Kwetu kipimo ni cha petroli, na mzazi anayetaka kumnunulia mwanafunzi wa miaka 14 baiskeli ya umeme hapati humo mlango wa kupitia.

Sasa turejee milimani, kwa sababu hapo ndipo watu huvutwa kununua mota kubwa. Tuseme mwendeshaji ana kilo 70, baiskeli na betri kilo 30, na mzigo kilo 50. Barabara inapanda mita sita katika kila mita 100. Ili kupanda kwa kilomita 15 kwa saa, zinahitajika takriban wati 370 za kuinua uzito huo peke yake, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa magurudumu. Ukipunguza mwendo hadi kilomita 10, hitaji hilo linashuka hadi karibu wati 245. Kwa maneno mengine, mota iliyoruhusiwa Ulaya itapanda mlima wa Embu, lakini kwa mwendo wa pole na kwa msaada wa miguu. Si ajabu mteja akaomba ya wati 1,000.

Tena wati zilizoandikwa kwenye mota si lazima ziwe ndizo zinazotumika. Nguvu inayoingia huamuliwa na betri na kile kisanduku kidogo kinachodhibiti umeme. Zidisha volti kwa ampea. Betri ya volti 48 ikiwa na kisanduku kinachoruhusu ampea 20 inatoa wati 960, hata kama mota imepigwa chapa ya 250. Hesabu hiyo inaonyesha gharama pia: betri ya volti 48 na ampea-saa 10 ina wati-saa 480, na kwa matumizi hayo itakauka kwa nusu saa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mteremko. Mfikirie mkulima wa Manyatta anayeshuka mjini Embu na madebe ya maziwa. Anaposhuka amebeba mzigo, na mota haimsaidii hata kidogo. Kinachomwokoa ni breki. Baiskeli ile tuliyozoea kuiita Black Mamba ina breki za vyuma vinavyobana raba kwenye ukingo wa gurudumu, na ukingo ukilowa mvua raba huteleza. Kuiongezea kilo kadhaa za mota na betri bila kubadilisha breki ni hatari ambayo haihitaji askari kuithibitisha. Vilevile, mota ya kitovu husukuma mhimili wake kinyume. Bila kipande cha chuma cha kuuzuia usizunguke, unaweza kuchomoka kwenye fremu na kukata nyaya.

Ajali ikitokea, suala la fasili linageuka kuwa suala la fedha. Sheria ya bima, Sura 405, inataka kila gari barabarani liwe na bima ya kuwafidia watu wengine wanaojeruhiwa. Baiskeli iliyofungwa mota kienyeji haina nambari ya usajili, na bila nambari ni vigumu kupata bima hiyo. Mama akigongwa akivuka barabara katika eneo la Makutano, Meru, madai yatamfuata mwendeshaji mwenyewe, shamba lake na ng'ombe wake. Anayebeba abiria kwa malipo yumo hatarini zaidi, kwa kuwa masharti ya bodaboda kuhusu leseni, kofia ya kinga na abiria mmoja yanaweza kudaiwa kwake.

Kwa wenye pikipiki za petroli wanaotaka kutoa injini na kuweka mota, hali ni nyepesi kueleweka. Chombo tayari kimesajiliwa na hati ya umiliki inataja nambari ya injini. Mabadiliko yanapasa kuarifiwa NTSA ili rekodi irekebishwe. Kunyamaza kunaacha hati inayoeleza pikipiki isiyokuwepo.

Cha kushangaza ni kwamba Bunge limekwisha kuitambua baiskeli ya umeme, ila kwenye kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliiorodhesha miongoni mwa bidhaa zilizowekewa VAT ya kiwango cha sifuri, na ikaitaja kando na pikipiki za umeme. Mwaka huo huo, viwango vipya vya bei ya umeme vilianzisha bei maalumu ya kuchaji vyombo vya uchukuzi, shilingi 16 kwa uniti na shilingi nane katika saa zenye matumizi madogo, kabla ya tozo nyingine. Rasimu ya sera ya kitaifa kuhusu uchukuzi wa umeme ilifuata Machi 2024.

Njia ya kurekebisha hitilafu hiyo imo ndani ya Sura 403 yenyewe, katika kile kipengele kinachoruhusu kanuni za kuondoa vyombo fulani kwenye fasili ya gari. Hakihitaji mswada mpya bungeni. Kinahitaji waziri wa uchukuzi kuandika idadi ya wati na kilomita kwa saa, na ikiwezekana aliyepima nguvu hizo awe amepanda angaa mlima mmoja wa Runyenjes.